Dakika kumi za Kiingereza kila siku: wasome au waandike?

Piga hesabu hii kabla hujachagua chochote. Darasa lina wanafunzi 45. Kila mmoja ameandika aya moja asubuhi, nawe umeamua kusahihisha kila daftari kwa dakika 3 tu. Hizo ni dakika 135, yaani saa mbili na robo, kwa darasa moja, kwa siku moja. Ukiwa na mikondo minne umefika saa tisa, na kipindi cha kesho bado hujakiandaa. Ndiyo maana shughuli nyingi za "kila siku" huanza Jumatatu kwa mbwembwe na kufa kimyakimya wiki ya tatu. Ubaya wa shughuli zenyewe si hoja. Zimezikwa na rundo la madaftari.

Kwa hiyo nitalinganisha kwa kipimo hicho kwanza: ipi inaweza kufanywa kila siku, muhula mzima, na mwalimu aliyechoka? Ndipo niulize inafundisha nini. Najua wengi huanza upande wa pili. Nami nilianza hivyo, na madaftari ya mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha yalikuwa yakirudi kwa wenyewe baada ya wiki mbili, wakati ambapo hakuna aliyekumbuka alichoandika.

Ninazungumzia zile dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo wa kipindi cha Kiingereza sekondari, kabla somo lenyewe halijaanza.

Kusoma kimya na kusoma kwa sauti

Kusoma kimya ni rahisi kueleza. Kila mwanafunzi ana kitabu alichojichagulia, darasa linanyamaza, mwalimu naye anasoma cha kwake, na mwishoni hakuna maswali. Mzigo wa kusahihisha ni sifuri. Gharama yake iko kwenye vitabu, tena si vitabu vyovyote. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno ili aielewe hadithi vizuri bila msaada. Ukiipeleka hesabu hiyo darasani, ukurasa wa maneno 250 usiwe na maneno mageni zaidi ya matano. Walimu wana kipimo cha vidole: mwanafunzi anakunja kidole kwa kila neno asilolijua, na mkono ukiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu ni kigumu kwake. Vidole na utafiti vimekubaliana, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Sasa mtazame mwanafunzi anayeanza sekondari ambaye amepewa riwaya nzima, haijarahisishwa, iliyoandikwa kwa watu wazima waliokua na Kiingereza tangu utotoni. Kwake huko si kusoma, ni kufukua kamusi. Vipo vitabu vilivyorahisishwa kwa ngazi, na ngazi za chini kabisa hutumia maneno mia chache tu. Tatizo ni aibu. Kijana wa miaka kumi na tano hataki kuonekana na kitabu chembamba chenye picha ya sungura. Dawa niliyoiona ikifaa ni kuchanganya vitabu vyote kwenye sanduku moja bila kuvibandika ngazi, na kuweka vingi visivyo vya hadithi: mashine, michezo, safari za anga, maisha ya watu. Kitabu chembamba kuhusu injini hakimwaibishi mtu.

Je, inafanya kazi? Ushahidi una pande mbili, na kila upande una watetezi wanaonyamazia upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi kama 250 kwa kila darasa katika shule za msingi za vijijini Fiji, kwa watoto waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Baada ya miezi minane, kasi ya maendeleo yao katika kusoma na kusikiliza kwa ufahamu ilikuwa mara mbili ya kawaida, na baadaye faida ikaenea hadi kwenye stadi nyingine za lugha. Kisha mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji nchini Marekani likapitia tafiti za kusoma kimya darasani na kusema kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa kunaongeza ufasaha wa kusoma.

Watu husoma sentensi hiyo ya pili kana kwamba jopo lilisema kusoma kimya hakufai. Halikusema hivyo. Kutothibitika ni jambo moja, kuthibitika kwamba hakuna faida ni jambo jingine. Tena jopo lile halikushughulikia wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, na hao ndio wanafunzi wetu. Mtoto anayeishi ndani ya Kiingereza saa zote hapati kitu kipya sana akiongezewa dakika kumi za kukisoma. Anayekutana nacho darasani tu anaongezewa sehemu kubwa ya Kiingereza anachokiona maishani. Ninavyoona mimi, hapo ndipo Fiji na Marekani zinapoachana.

Kuna hila moja ya kuangalia. Darasa lolote lina mwanafunzi ambaye macho yako kitabuni na roho iko uwanjani. Hageuzi kurasa, au anazigeuza kwa mpangilio unaofanana mno. Usimtungie mtihani, maana mtihani utawaharibia wale wanaosoma kweli. Waambie wote waandike nyuma ya daftari tarehe na ukurasa waliofikia, basi. Halafu kila siku mwinamie mmoja au wawili na uulize kwa sauti ya chini: huyu mtu kwenye kitabu chako anataka nini? Anayesoma hujibu kabla hujamaliza swali.

Upande wa pili ni kusoma kwa sauti kwa zamu, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, aya kwa aya. Ni desturi kongwe na haidai kitu zaidi ya kitabu cha kiada. Lakini igawanye ile hesabu: dakika kumi ni sekunde 600, wanafunzi ni 45, kila mmoja anapata sekunde 13. Zinazobaki anahesabu aya ili ajue ya kwake itakuwa ipi, anaipitia kimoyomoyo kwa hofu, na akishamaliza zamu yake anafunga duka. Asiyesoma vizuri anajifunza jambo moja tu: Kiingereza ni mahali pa kuchekwa.

Usitupe sauti yenyewe, badilisha mpango. Weka wanafunzi wawiliwawili, wape kifungu kifupi cha maneno 100 hadi 200, mmoja asome mwingine afuatilie, kisha wabadilishane, kisha warudie kifungu kilekile mara ya pili na ya tatu. Mtafiti Samuels aliieleza mbinu hii ya kurudia mwaka 1979, na jopo lilelile la mwaka 2000 lililotilia shaka kusoma kimya liliunga mkono kusoma kwa sauti kwa kurudia chini ya uongozi. Kila mwanafunzi anasoma karibu dakika tano badala ya sekunde 13. Makelele yatakuwepo. Mwalimu wa darasa la jirani akilalamika, mweleze kinachoendelea.

Kwa hiyo: ukiwa na vitabu vya kutosha vyenye ngazi mbalimbali, kusoma kimya kunashinda. Ukiwa na kitabu cha kiada pekee, soma wawiliwawili. Kusoma kwa zamu kubaki kwa siku unayotaka kusikia matamshi, tena kwa wanaojitolea.

Sentensi mbovu ubaoni, au sentensi fupi za kuunganishwa?

Hizi zote mbili huchukua dakika tano na chaki. Ya kwanza ni maarufu zaidi: mwalimu anaandika sentensi mbili zenye makosa, wanafunzi wanazisahihisha, majibu yanatolewa, maisha yanaendelea. Nimeifanya miaka mingi. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu inafanana na mtihani. Nilichokiona, nadhani walimu wengi wamekiona, ni kwamba mtu anaweza kusahihisha kosa ubaoni asubuhi na kulirudia kosa hilohilo kwenye insha yake mchana, bila hata kope kutikisika. Kosa la ubaoni ni la mtu mwingine. Halimhusu.

Ya pili ni kuunganisha sentensi. Unaandika hivi:

"The boy was tired. The bus came early. The boy missed the bus."

Kazi ni moja: ziwe sentensi moja. Atakuja mmoja na "The tired boy missed the bus because it came early." Mwingine: "Because the bus came early, the boy, who was tired, missed it." Wa tatu ataweka "and" mbili na kutulia. Zote tatu hazina kosa la sarufi, na hapo ndipo utamu unapoanza, maana sasa swali si "ipi sahihi" tena. Katika ile ya pili, basi ndilo lenye hatia. Katika ya kwanza, uchovu umekuwa sifa ya kupita tu. Ya tatu haituambii kilichosababisha nini. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuuliza kwa nini Kiingereza kina "who" katikati ya sentensi anaiona kazi yake kwa macho, bila mwalimu kutamka istilahi hata moja.

Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walijumlisha tafiti za ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12. Kuunganisha sentensi kulipata athari ya 0.50. Kufundisha sarufi peke yake, kwa kanuni na aina za maneno, kulipata hasi 0.32. Kwa asiyezoea vipimo hivi: 0.50 huhesabiwa kuwa ya wastani, 0.80 ni kubwa, na hasi maana yake ni kwamba waliofundishwa hivyo waliandika vibaya kuliko kundi la kulinganishia. Kilichopimwa ni ubora wa uandishi, si alama za jaribio la sarufi. Mwanafunzi anaweza kulijua jina la kila kiambishi na bado akaandika kama anayepigia watu kelele.

Kusahihisha sentensi bado kuna mahali pake, kwa sharti kwamba makosa yatoke kwenye madaftari yao wenyewe, bila majina, na sababu ya kosa ielezwe. Chukua "My father he is a teacher." Kosa hili lina asili yake. Katika Kiswahili tunasema baba yangu *a*nafundisha: nomino imetajwa, na bado kitenzi kinadai kiambishi chake cha nafsi. Mwanafunzi anaitafuta ile *a-* kwenye Kiingereza, anaiona inafanana na "he", anaichomeka. Amefikiri vizuri katika lugha isiyo yake. Vivyo hivyo anayemwita shangazi yake "he": kiambishi chetu hakibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo akili yake haijazoea kuuliza. Mweleze hivyo mara moja. Kosa halitatoweka kesho, lakini ataanza kulikamata mwenyewe akisoma alichoandika, na wewe hukulipia hata tone la wino mwekundu.

Kati ya hizi mbili, ningetoa siku nne kwa kuunganisha na siku moja kwa makosa yao wenyewe.

Shajara, kuandika mfululizo na muhtasari

Hapa ndipo rundo la madaftari linapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuandika mfululizo ni lile zoezi ambalo mwalimu wa uandishi Peter Elbow alilitangaza sana kuanzia mwaka 1973: dakika kumi, kalamu haisimami, hakuna kufuta, hakuna kurudi nyuma, ukikwama unaandika kwamba umekwama. Faida yake kwa anayejifunza lugha ya pili ni ya kimwili kabisa. Mkono unazoea kutoa Kiingereza bila kusubiri ruhusa ya sarufi. Hesabu maneno kila wiki. Ndiyo alama pekee inayohitajika. Mwanafunzi aliyeanza na maneno 40 akifika 90 anajiona, na huna haja ya kumwambia. Usisahihishe. Ukianza kusahihisha, watarudi kwenye maneno 40 yaliyo salama.

Shajara ya mazungumzo ni ndugu yake, ila ina msomaji. Mwanafunzi anaandika, mwalimu anajibu alichosema kama mtu anayejibu barua, kwa mistari miwili mitatu. Akiandika "Yesterday I am sick," unajibu "I am sorry you were sick yesterday. Are you better now?" Umemwonyesha umbo sahihi bila kalamu nyekundu. Ni shughuli nzuri kuliko zote katika orodha hii kwa kumjua mwanafunzi, na ndiyo inayoua walimu haraka kuliko zote. Inaokolewa na ratiba: madaftari matano kwa siku, darasa zima linazunguka kwa siku tisa za shule. Zaidi ya hapo utaanza kuandika "Good!" kwenye kila ukurasa, na mwanafunzi hujua.

Tahadhari moja isiyo ya lugha. Vijana wakizoea kuandika kwa uhuru, kuna siku utasoma jambo zito: mtu anaumizwa nyumbani, au anawaza kujidhuru. Waambie siku ya kwanza kabisa kwamba shajara ni ya faragha isipokuwa usalama wa mtu ukiwa hatarini, na ujue mapema utampelekea nani taarifa hiyo. Mwalimu asiye tayari kwa hilo achague kuandika mfululizo, ambako hakuna anayesoma.

Muhtasari ni kitu kingine kabisa. Mwanafunzi anasoma kifungu cha maneno kama 200, anafunga kitabu, anaandika maneno 30. Katika hesabu zilezile za Graham na Perin, kufundisha muhtasari kulipata 0.82, kati ya athari kubwa walizozikuta. Na mwaka 2010 Graham na Hebert walionyesha kwamba kuandika kuhusu kilichosomwa huongeza kukielewa. Yaani dakika kumi zilezile zinalipa pande mbili, kusoma na kuandika, jambo ambalo shajara haifanyi.

Kinachoharibu muhtasari ni kunakili. Mwanafunzi anachukua sentensi ya kwanza, anachukua ya mwisho, anaweka "and" katikati. Sharti la kufunga kitabu linaondoa sehemu kubwa ya ujanja huo. Sharti la maneno 30 linaondoa uliobaki, kwa sababu haiwezekani kunakili na kubana kwa wakati mmoja. Mwanzoni wape mfupa: nani, alifanya nini, kwa nini. Baada ya wiki chache uondoe.

Muhtasari pia ni mwepesi kukagua. Wasomeane wawiliwawili na kuulizana kilichoachwa. Wewe chukua madaftari 9 tu kwa siku, bila kutangaza ya nani. Kwa siku tano umeyapitia yote 45, na kila siku umetumia dakika 27 badala ya 135. Katika hayo 9 usahihishe nini? Walimu wamegombana sana hapa. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi kwenye maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na kuachwe. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba masahihisho yaliyochaguliwa na kuelezwa wazi yanaweza kusaidia. Mimi nimeishia upande wa Ferris kwa nusu shingo: aina moja ya kosa kwa wiki, kwa darasa zima, na mengine nayaacha yapite ingawa mkono unawasha. Ukurasa wenye alama nyekundu thelathini haumfundishi mtu kitu isipokuwa kuukunja.

Imla, kwa ufupi

Imla ya kawaida, neno kwa neno, inafunza tahajia na masikio. Ni nzuri kwa darasa dogo la wanaoanza, na wanafunzi wanajisahihisha wenyewe kutoka ubaoni. Kuna sura yake nyingine aliyoieleza Ruth Wajnryb mwaka 1990: mwalimu anasoma kifungu kifupi kwa mwendo wa kawaida mara mbili, wanafunzi wanadaka maneno machache, kisha kwa makundi wanakijenga upya kifungu kizima. Hii inawalazimisha kubishana kuhusu sarufi, na ubishi wenyewe ndio somo. Lakini haitoshi dakika kumi. Ipe nusu kipindi mara moja kwa wiki, au usiiguse.

Basi uchague ipi?

Darasa kubwa, kitabu cha kiada tu: kuunganisha sentensi siku tatu, muhtasari siku mbili kutoka kwenye vifungu vya kitabu hichohicho. Hutahitaji kununua chochote.

Sanduku la vitabu vya ngazi mbalimbali lipo: kusoma kimya siku tatu, kuandika mfululizo siku mbili kuhusu kinachosomwa. Usiwe na haraka ya kuona matokeo. Hata kule Fiji kipimo cha kwanza kilikuwa cha miezi minane.

Wanaosoma kwa kudokoadokoa, herufi kwa herufi: wawiliwawili kwa sauti kila siku mpaka wasome mfululizo bila kukwama, na imla fupi siku moja. Kuwapa muhtasari sasa ni kuwaonea.

Darasa la mtihani ndilo gumu, kwa kuwa kila dakika inadaiwa. Mwanafunzi atauliza, "Mwalimu, hii ina maksi?" na mzazi atauliza hivyohivyo. Muhtasari ndio wa kuutetea mbele yao bila kutafuta maneno, maana ni zoezi la ufahamu na la uandishi kwa wakati mmoja. Kusoma kimya kwa darasa hilo nisingekufuta. Ningekuhamishia nyumbani na kubaki na ile safu ya tarehe na ukurasa nyuma ya daftari.

Shajara ya mazungumzo ianzishe tu kwenye darasa moja, lile unalolipenda au lile linalokushinda. Usiianzishe kwenye mikondo minne. Na chochote utakachochagua, mpe kiongozi wa darasa saa na kazi ya kuanzisha zoezi kengele inapolia, hata kama bado uko njiani kutoka darasa lingine. Siku utakayoingia umechelewa dakika nne na kuwakuta wameinama wanaandika, uketi ufungue kitabu chako.